Njoo, Usibaki Huko

Yadira alipokikalia kile kiti alikuta kina joto.

Si joto la jua, maana chumba cha kulia cha Doña Cástula hakina dirisha upande ule, na tangu asubuhi mji wetu wote wa San Onofre ulikuwa umefunikwa na mawingu. Lilikuwa joto la mtu aliyeketi muda mrefu akainuka sasa hivi. Yadira alinyanyuka kidogo, akaupapasa ubao kwa kiganja, kisha akaketi tena, kwa sababu alikuwa na njaa, na mwenye njaa haulizi kiti ni cha nani.

Hata hivyo aliuliza. "Hapa kuna mtu?"

"Hapo ni pako, mwanangu," Doña Cástula alimjibu kutoka jikoni. "Kaa tu. Supu iko tayari."

Supu ikaletwa mabakuli mawili. Moja likawekwa mbele ya Yadira. La pili likawekwa upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu, na kijiko kikapangwa kando yake vizuri kabisa. Doña Cástula mwenyewe hakuketi kula. Alisimama mlangoni na aproni yake, mwanamke mnene wa miaka sabini hivi, nywele zimesukwa mkia mmoja mweupe, akimtazama mgeni kama mtu anayepima nguo kwa macho.

Yadira hakufika San Onofre kwa kupenda. Huku kwetu hakuna anayekuja kwa kupenda siku hizi, ila wale wanaopiga picha kanisa na midomo ya migodi ya fedha iliyokufa zamani za mababu, wakala matunda ya mpungate, mmea ule wa miiba, uwanjani, wakaondoka kabla ya jioni. Yeye alitoka kaskazini, mpakani, alikoshona viti vya magari kiwandani kwa miaka miwili, na alikuwa akishuka kusini kwenda kumchukua mwanawe. Mtoto alikuwa na miaka sita. Alimwacha kwa mama yake mzazi, Tomasa, akiwa wa miaka minne, akilia na kumng'ang'ania sketi hadi vidole vikabanduliwa kimoja kimoja. Sasa alikuwa amepanga chumba, amepata nafasi ya shule, na ndani ya begi lake jekundu alikuwa na viatu vipya vya mtoto, alivyovinunua kwa kukisia tu mguu umekua kiasi gani. Kesho asubuhi angefika. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake, wala hapakuwa na nafasi ya jambo lingine.

Ni basi lililokata mkanda wa injini kwenye kona ya kuingia mjini. Dereva, Don Primitivo, mtu wa kofia pana na maneno mengi, aliwatangazia abiria habari hiyo kama anawapa zawadi. "Mabibi na mabwana, karibuni San Onofre, mji wa fedha! Fedha yenyewe waliimaliza, lakini choo kipo. Kaleni. Nikipiga honi mje mbio, maana simsubiri mtu, hata awe mama mkwe wangu. Mama mkwe ndiyo kabisa."

Abiria wakacheka, wakashuka. Mbele ya Yadira alishuka mama mmoja kijana mwenye mtoto aliyelala begani. Alipofika chini aligeuka, akakielekea kiti alichokuwa amekalia, akaita kwa sauti ya chini, "Twende, Chuyito. Njoo, usibaki huko." Kisha akaenda zake. Yadira alitabasamu. Naye alifanya hivyo kila alipomtoa wake nyumba ya watu akiwa usingizini.

Maana kivuli cha mtu ni chepesi kusahaulika. Mtoto akilala mahali, au mtu mzima akianguka akashtuka, kivuli hubaki pale pale kikishangaa. Asipokuwapo wa kukiita kwa jina, mwili utaondoka peke yake, na mwili usio na kivuli haufiki mbali. Hukosa hamu ya kula, hulala macho wazi, mwisho hukauka. Tena mtu hajiiti mwenyewe. Huitwa na mama yake, au na mwingine anayelijua jina lake. Wajuaji wa mji mkuu wanacheka mambo haya. Wacheke. Wakiteleza bafuni tutawasikia wakimtafuta mama.

Basi tulimwona akivuka uwanja na begi lake jekundu, na tulijua anakoelekea, kwa kuwa ule mtaa una nyumba moja tu inayouza chakula. Hakuna aliyemzuia. Mtu mzima haulizwi anakwenda kula wapi, na Cástula ana ulimi wa kuchoma.

"Unasafiri peke yako?" Cástula aliuliza.

"Peke yangu, doña."

"Peke yako. Mwanamke mzuri hivi, na kimo hicho." Alisogea, akamshika bega kwa vidole viwili. "Binti yangu Remedios alikuwa wa kimo chako. Na mikono hii hii. Hebu nyoosha."

Yadira alinyoosha mkono kwa adabu tu, akaurudisha haraka. "Yuko wapi sasa?"

"Yupo," alisema Cástula, na papo hapo juu ya dari kitu kikaburutwa. Kilikuwa kizito, cha pembe, kikikwaruza mbao kutoka upande wa ukuta kwenda upande wa barabara. Kikasimama. Vumbi kidogo likadondokea kwenye lile bakuli lisilo na mlaji.

"Ni yeye huyo?"

"Ni paka."

Yadira alicheka kidogo. Paka wa kuhamisha masanduku! Lakini kicheko hakikumkaa mdomoni, kwa sababu aliona mvuke wa lile bakuli la pili ukilala upande, kama unavyolala mtu akipuliza supu, ukainuka, ukalala tena. Alitazama kama kuna upenyo wa mlango. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaamua kutotazama, akachukua simu yake akampigia mama yake.

Alipokewa na mtoto mwenyewe, akipumua kwa nguvu kwenye simu kama wapumuavyo watoto.

"Mama, umefika wapi?"

"Nipo njiani, baba yangu. Basi limeharibika kidogo. Kesho ukiamka nipo."

"Bibi anasema nioge leo, na kesho nioge tena. Mara mbili!"

"Oga, baba. Mwili hauishi."

"Viatu umeleta?"

"Nimeleta. Vina mistari ya bluu."

Ikasikika kelele ya furaha, kisha sauti ya Tomasa ikimfokea asiiangushe simu. Yadira alipokata alikuwa na machozi machoni, na Cástula alikuwa amesogea karibu sana, harufu ya chokaa mbichi na nguo zilizokaa sandukuni ikiwa imemtangulia.

"Mwanao anaitwa nani?"

Ni swali la kawaida, huulizwa popote. Lakini Yadira aliona pazia la ngazi likitikisika na kutulia, kana kwamba mtu amejibanza nyuma yake kusikiliza jibu. Mama yake alimfundisha kwamba jina la mtoto halitajwi ovyo mbele ya usiyemjua. Akalimeza jina lile.

"Sisi nyumbani tunamwita baba tu."

Cástula alitabasamu kwa meno ya chini. "Unamchunga. Vizuri. Nami wangu nilimchunga."

Tuseme ukweli alivyomchunga. Remedios alitaka kwenda kufanya kazi mji mkuu, akaficha sanduku chini ya kitanda. Mama yake akalikuta, akamfungia ghorofani, akavaa ufunguo shingoni, akamwambia chakula atapandishiwa hadi akili imrudie. Alasiri moja basi lilipopiga honi uwanjani binti akalitupa sanduku barabarani, akapanda dirishani alifuate. Mguu ukateleza. Akaangukia jiwe la kizingiti, la bapa, ambalo kila mgeni hulikanyaga akiingia. Alikuwa hajakata roho mama yake alipotoka na mtungi wa udongo, akainama, akaweka mdomo kwenye mdomo wa mtungi, akaanza kumwita. Aliita kutwa. Daktari akaja akaondoka, padri akaja akaondoka, maiti ikaoshwa, ikazikwa, na Cástula anaita. Aliita vizuri mno. Aliyezikwa ni mwili tu.

Yadira hakuyajua hayo. Aliomba kunawa, akaonyeshwa ngazi. "Mlango wa mwisho. Begi liache hapa, halitaibiwa."

Kule juu palikuwa na ukumbi mrefu wa mbao unaozunguka ua wa ndani, na milango yote imepakwa bluu. Mvua ilianza wakati anatembea, ikanyesha mara moja kwa nguvu zote, mchana ukawa kijivu. Alinawa uso. Alipotoka aliona mlango wa chumba cha upande wa barabara uko wazi, nao ulikuwa umefungwa alipopita. Ndani, begi lake jekundu. Hakulipandisha yeye. Zipu ilikuwa imefunguliwa, nguo zake zimetolewa zikakunjwa upya, kwa mkunjo wa kizamani, na viatu vya mtoto vyenye mistari ya bluu vilikuwa vimepangwa chini ya dirisha, ncha zikielekea nje.

Sakafu kati ya kitanda na dirisha ilikuwa na mikwaruzo ya miaka. Kitanda kilikuwa kimebonyea katikati. Na pale palipobonyea palikuwa panainuka taratibu, kama godoro linavyoinuka mtu akisimama.

Hapo Yadira alivikwapua viatu, akavitia begini pamoja na nguo bila kukunja, akatoka, na alipokuwa akipita kwenye ukumbi alisikia nyuma yake miguu ya mtu mwenye haraka, si ya mtu anayemfukuza bali ya mtu anayewahi kitu, miguu mitupu kwenye mbao, na pumzi, na ile harufu ya chokaa ikamzidi hata akawa anaionja ulimini, akazikamata ngazi, akashuka mbili mbili, na uwanjani, ng'ambo ya mvua, honi ya Don Primitivo ikalia kwa furaha, na palepale aliyekuwa nyuma yake akaisikia honi ile naye, akakimbia, akapita ndani ya bega lake kwa baridi iliyomfungua vidole, akamtangulia chini, na Yadira akafuata hewani, begi huku mwili kule, akabingirika hadi mlangoni, kichwa chake kikatua kwenye lile jiwe la bapa.

Hakuvunjika kitu. Alikaa, akagusa paji, akaona damu kidogo tu. Lakini alianza kutetemeka, na kutetemeka hakukukoma. Alijaribu kukumbuka anakwenda wapi, ikamchukua muda.

Honi ikalia tena. Kisha Don Primitivo mwenyewe akaja mbio na kofia yake inachuruzika. "Twende, bibie! Wenzako wote wamo, mmoja ameanza hata kuimba, niokoe!"

Hapo ndipo palikuwa na njia ya kutokea. Mlango wazi, basi linanguruma, hatua chache tu. Mtu wa nchi nyingine angeinuka akaenda na kivimbe chake. Yadira alikuwa wa nchi hii. Alijua ameanguka, ameshtuka, na amekaa juu ya jiwe alipoangukia. Akiondoka hivi, atamfikia mwanawe nusu. Hakutaka kumfikia nusu. Miaka miwili alikuwa amempa sauti ya simu tu, sasa ampelekee mwili mtupu?

"Nimeanguka, don," alisema akitetemeka. "Sijaitwa."

Don Primitivo alivua kofia mara moja. Utani ukamwisha. Hakuna dereva wa njia zetu atakayemharakisha mtu aliyeshtuka. "Haya, itwa, dada yangu. Nitangoja. Doña, unajua kuita?"

"Najua," alisema Cástula. Alikuwa tayari ameshika mtungi.

"Basi mwite vizuri. Mimi nageuka." Naye akatoka akasimama barabarani, akawapa mgongo, kwa kuwa anayeitwa hatazamwi na mwanamume asiye wake. Adabu hiyo ilimtosha Cástula.

Cástula alimlaza pale pale kizingitini. Akampuliza usoni pombe kali ya miwa, akampigapiga mabega kwa majani machungu, akamfunika kitambaa chekundu kuanzia kichwani. "Jina lako la ubatizo?" aliuliza kwa sauti ya upole, Don Primitivo asikie.

"Yadira."

"Fumba macho, Yadira. Usijibu mpaka nimalize. Ukijibu kati, tunaharibu."

Giza jekundu. Harufu ya pombe. Yadira alimfikiria mwanawe akioga mara mbili, akatulia kidogo. Kisha mtungi ukaanza kuvuma, sauti ya shimo, iliyomwingia kwa nyuma ya fuvu, kupitia jiwe.

"Njoo," mtungi ulisema. "Njoo, usibaki huko. Njoo, Remedios."

Alidhani amesikia vibaya, akangoja, akijiambia bibi huyu ni mzee, amechanganya, sasa hivi atarekebisha, lakini mtungi ukasema tena Remedios, kwa mahaba yasiyo na kosa lolote ndani yake, na Yadira akafungua mdomo apige kelele kwamba sivyo, mimi si huyo, ndipo akagundua mdomo umejaa tayari, umejaa ubaridi wenye ladha ya chokaa ulioshuka kooni ukajinyoosha mikononi kidole kwa kidole kama mtu avaaye glavu, ukafika magotini, ukakanyaga nyayo kwa ndani, na kila ulipofika yeye alisukumwa akapungua, akapungua tena, akajibanza nyuma ya macho yake mwenyewe akishikilia jambo moja tu, jina moja, la mtoto, hata mtungi ukaita mara ya tatu, na pale aliposhikilia pakakatika.

Kitambaa kikafunuliwa. Yadira alikiona kikifunuliwa. Alikuwa akitazama kutoka juu, dirishani, kwenye chumba cha upande wa barabara, na chini yake mwanamke mwenye blauzi yake alikuwa akijiinua kutoka kizingitini, akijifuta magoti, akigeuza mikono huku na huku.

"Mwanangu," Cástula alinong'ona. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni. "Remedios wangu. Umerudi. Tazama, nimekupikia. Nimekuwekea supu kila siku."

Mwanamke yule alimtazama kwa macho ya Yadira. Alitazama shingo ya Cástula, ule uzi wenye ufunguo ambao bado ulikuwepo. Kisha akautazama mlango.

"Mara hii hukufunga," alisema.

Akachukua begi jekundu, akatoka mvuani.

Cástula hakuelewa kwanza. Alipoelewa alishika mtungi akaita ndani yake, Remedios, njoo, Remedios, usiende, sauti ikipanda hadi ikawa ukelele. Lakini mtungi huita vivuli, hauiti mwenye miguu. Akamkimbilia kwa aproni yake, akateleza kwenye mawe, akaanguka kifudifudi katikati ya mtaa. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Huyu mwenyeji hakupona.

"Umekaa sawa, dada?" Don Primitivo aliuliza akimfungulia mlango wa basi.

"Nimekaa sawa," yule mwanamke alijibu. "Hili linakwenda mbali?"

"Mpaka mwisho wa nchi, ukitaka."

"Nataka."

Na dirishani juu, mwanamke aliyekuwa akipiga kioo kwa viganja vyote viwili hakusikika, maana hakuwa na viganja.

Cástula alirudi akichuruzika maji, akaketi kwenye kile kiti kilichokuwa na joto. Kilikuwa kimepoa. Juu yake kitu kilianza kwenda na kurudi, ukuta hadi dirisha, ukuta hadi dirisha.

"Nyamaza," alisema bila kuinua kichwa. "Hata mimi nilikuwa na mtoto."

Miguu ikashuka ngazi. Ikasimama mbele yake. Mezani bakuli likatetemeka.

"Unataka nini kwangu? Mwili sinao. Ameuchukua yule mwizi, sasa anakwenda kulala kitandani kwako na kumkumbatia mwanao." Cástula alicheka kicheko kibaya, cha mtu anayetaka mwingine naye aumie. "Atamchukua yeye pia? Atamfanya nini? Hujui. Mimi niliyemzaa sijui. Kama wewe ni mama, mwite wako asiwe karibu naye. Mtungi ule pale."

Asubuhi yake, mbali kusini, Don Primitivo alimshusha yule mwanamke pale palipoandikwa kwenye tiketi ya Yadira, na mtoto alikuwa ameoga mara mbili na kuketi barazani tangu kulipokucha. Alipoliona begi jekundu likiteremka barabara alipiga kelele, akakimbia. Mwanamke alisimama amtazame kama mtu anayetazama mbwa wa watu. Mtoto hakujali, alimrukia kiunoni, akalifungua begi mwenyewe, akavaa viatu papo hapo bila kufunga kamba. Vilikuwa vikubwa. Akakimbia navyo kumwonyesha bibi yake, akajikwaa, akaanguka kwa uso kwenye changarawe.

Hakulia. Hilo lilimtisha Tomasa zaidi ya damu. Mtoto alikaa tu pale, macho yamesimama.

"Ameshtuka!" Tomasa aliita. "Mwite! Mwite haraka, wewe mama yake, kivuli kisibaki hapo."

Mwanamke aliinama juu ya mtoto. Mdomo ukafunguka, ukabaki wazi. Majirani walikuwa wametoka, wote wakingoja, akina mama wameshika vifua. Akausogeza uso karibu na sikio la mtoto, akanong'ona kitu, kisha akainuka akapita kuingia ndani kutafuta maji ya kunywa.

"Amekwambiaje?" Tomasa aliuliza, akimnyanyua.

Mtoto alimtazama bibi yake. "Ameniuliza naitwa nani."

Tomasa alicheka, maana afanye nini? Alijiambia binti yake amechoka na safari, anatania. Akataka kumwita mwenyewe, akaona aibu kumvunjia heshima mama mtu mbele ya majirani. Akamlaza kitandani na viatu vyake. Jioni mtoto hakula. Akalala macho wazi.

Na San Onofre, saa ile ya mchana maduka yanapofungwa na hata mbwa hulala, tulianza kusikia mtungi ukivuma kwa Cástula. Tulimdhania yeye, lakini yeye alikuwa ameketi kizingitini, mikono mitupu, nywele hazijasukwa. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, yenye lafudhi ya kusini. Jina ambalo alilichunga kwa kulimeza mbele ya mwenye nyumba, sasa alilitoa kwa nguvu zote, mtaa mzima ukalijua.

"Njoo, Eliseo. Toka hapo kwa huyo. Njoo kwa mama, baba yangu. Njoo, usibaki huko."

Aliita siku ya kwanza, akaita ya pili. Hakuna mtoto aliyewahi kuitwa kwa mapenzi kama yale. Wanawake wa mtaani walifunga madirisha, wengine wakilia, na wote tulijua tunachokisikia, maana kila mmoja wetu amewahi kuita hivyo.

Kusini, Tomasa alimgeuza mjukuu wake ubavu amnyweshe uji, akamkuta amekuwa mwepesi kama nguo isiyo na mtu ndani. Yule mwanamke alikuwa ameshaondoka na basi la alfajiri, na begi lake, bila kuaga.

Mchana huo huo, kwa Cástula, mtungi ulinyamaza katikati ya jina. Mvua haikuwa imenyesha, lakini kwenye vigae vya ua palionekana nyayo za majimaji, ndogo, za mguu mtupu, moja baada ya nyingine, kutoka kizingitini hadi chini ya ngazi. Cástula alizitazama zikipita kando yake. Akajikokota jikoni, akatoa bakuli dogo.

Kwanza tulisikia mwanamke akicheka kwa furaha. Sitakisahau kicheko kile, kilivyokuwa kitamu, wala jinsi kilivyokatika mara alipotambua alichokishika mikononi ni kivuli tu, bila mwili. Ndipo yakaanza yale ambayo hadi leo huyasikia kila anayepita mtaa ule saa za usingizi wa mchana. Mtungi huvuma, na mwanamke hulia ndani yake, rudi, Eliseo, rudi kwa bibi, rudi mwanangu, nakuomba. Lakini kwetu mtungi haukufunzwa kumrudisha mtu. Unajua kuita tu.

Na mtoto humjibu kwa sauti ya kushangaa, taratibu, kama anayemkumbusha mtu mzima aliyesahau.

"Lakini mama, si umeniita mwenyewe?"